Joginder Singh: Fundi wa Kericho aliyevishinda viwanda kwa gari kuukuu

Katika orodha ya washindi wa mashindano ya magari ya Safari, jina la Joginder Singh limeandikwa mara tatu: mwaka 1965, 1974 na 1976. Kati ya mwaka 1959 na 1980 alishiriki mashindano hayo mara 22, na mara 19 alifika mwisho. Ili kuelewa uzito wa hesabu hiyo, yafaa kukumbuka kwamba mwaka 1963, na tena mwaka 1968, ni magari saba tu yaliyomaliza mbio. Mengine yote yalibaki njiani, yakiwa yamevunjika springi, yamezama topeni au yamezimika tu bila dereva kujua sababu.

Mashabiki walimpa jina la Kalasinga arukaye, na kwa miaka mingi nchini Kenya mtu aliyeendesha gari kwa fujo alidhihakiwa kuwa anajiona Joginder. Hata hivyo sifa hiyo ya mwendo wa kasi inaficha jambo lililokuwa na maana zaidi. Kabla ya kuwa dereva, Joginder alikuwa fundi. Alilijua gari kwa kulifungua na kulifunga, na ujuzi huo ndio uliomwezesha kushinda mara ya kwanza kwa gari ambalo kiwanda chenyewe kilikuwa kimekwisha kuachana nalo.

Mtoto wa gereji

Joginder Singh Bhachu alizaliwa tarehe 9 Februari 1932 mjini Kericho, katika nyanda za juu za magharibi mwa Kenya, ambako mashamba makubwa ya chai yalikuwa yakipanuka. Baba yake, Battan Singh, alikuwa na asili ya Punjab na aliendesha gereji. Joginder alikuwa mtoto mkubwa katika familia yenye watoto wengi.

Masingasinga, ambao watu wengi wa Afrika Mashariki huwaita Makalasinga, walikuwa na sifa ya ufundi tangu enzi za reli. Kati ya mwaka 1896 na 1901 Waingereza walileta maelfu ya vibarua na mafundi kutoka India ili kujenga Reli ya Uganda, kuanzia Mombasa hadi ukingoni mwa Ziwa Victoria, mahali panapoitwa Kisumu leo. Wengi wao walirudi kwao mikataba ilipokwisha. Waliobaki, pamoja na jamaa waliowafuata baadaye, walifungua karakana za useremala, za uhunzi, na hatimaye za magari, katika miji midogo iliyochipuka kandokando ya reli na barabara. Utawala wa kikoloni ulimgawia kila mtu nafasi yake kwa rangi: shamba lilikuwa la Mzungu, kibarua kilikuwa cha Mwafrika, na Mhindi aliachiwa duka au gereji. Gari la bwana shamba lilipogoma, lilivutwa hadi kwa Kalasinga.

Joginder alikulia katika mazingira hayo. Baada ya kusoma shule ya bweni Nairobi, alirudi kwenye gereji ya baba yake akaanza kama kijana wa kupitisha spana. Huo ndio uliokuwa uanagenzi wa kawaida Afrika Mashariki: kijana huosha vyuma kwa petroli, hushika taa, husikiliza fundi mkubwa anavyoisikiliza injini, na baada ya muda huachiwa kazi ndogo, kisha kubwa. Hapakuwa na cheti. Kipimo kilikuwa kimoja tu, nacho ni kama gari lilifika lilikokwenda.

Mwaka 1958 aliajiriwa kuwa fundi wa kwanza wa doria wa chama cha kifalme cha wenye magari Afrika Mashariki. Kazi ya doria ilikuwa kuwasaidia wenye magari waliokwama barabarani. Kwa fundi kijana hilo lilikuwa darasa jingine kabisa. Gerejini fundi ana meza, kivuli na spea rafuni. Barabarani ana kisanduku cha vifaa na akili yake. Mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 27, aliingia katika mashindano ya Safari kwa mara ya kwanza.

Barabara moja, nchi tatu

Mashindano hayo yalikuwa bado machanga. Yalianzishwa mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na toka mwanzo yalivuka Kenya, Uganda na Tanganyika. Tofauti na mashindano ya Ulaya, ambako barabara hufungwa na madereva hupimwa katika vipande vifupi, Safari ilikuwa safari kweli: maelfu ya kilomita usiku na mchana, katika barabara zilezile zilizotumiwa na mabasi, malori ya pamba na ng'ombe. Kwa kuwa yalifanyika wakati wa Pasaka, mara nyingi yalikutana na mwanzo wa masika. Dereva aliweza kula vumbi asubuhi na kusukuma gari topeni jioni.

Kutoka Kenya kwenda Kampala kwa gari kuna malango mawili makuu. La kusini ni Busia, linalofikiwa kwa kupitia Kisumu. La kaskazini ni Malaba, hatua chache kabla ya Tororo, linalofikiwa kwa kupitia Nakuru na Eldoret. Njia hizo mbili hukutana ndani ya Uganda kabla ya Jinja. Tororo ulikuwa mji wa saruji na wa reli, mahali ambapo njia ya kwenda Mbale na Soroti iliachana na ile ya Kampala, nao unatambulika toka mbali kwa mwamba mkubwa unaosimama peke yake juu ya nyumba. Busia ni mji uliokatwa katikati na mpaka: upande mmoja Kenya, upande wa pili Uganda, jina ni lilelile na koo ni zilezile za Wasamia na Wateso.

Katika miaka hiyo mpaka huo haukuwa na ukali ulioupata baadaye. Nchi tatu zilitumia sarafu moja, reli moja na posta moja. Magari ya mashindano yalitoka Kenya na kuingia Uganda kama mtu anayetoka sebuleni kuingia ukumbini. Ni katika mpaka huo wa Busia ambako, kwenye miaka ya 1960, vijana walianza kuwabeba wasafiri kwa baiskeli kati ya kituo cha forodha cha upande huu na cha upande ule, na mwito wao ukazaa neno bodaboda ambalo sasa limeenea Afrika Mashariki.

Kwa dereva, barabara hiyo ilikuwa na mtihani ambao hauonekani kwenye ramani. Karibu na Timboroa, kati ya Nakuru na Eldoret, njia hupanda hadi zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo huteremka hadi nyanda za Tororo, ambazo zina kimo cha takriban mita 1,200. Katika sehemu nyingine za mashindano magari yaliteremka mpaka pwani. Hewa ya Timboroa ni nyepesi kwa karibu robo ikilinganishwa na ya Mombasa, na injini huvuta pumzi kama mtu. Chombo kilichobeba taabu yote ya mabadiliko hayo ni kabureta.

Kabureta mbili za Kiingereza

Kazi ya kabureta ni kuchanganya petroli na hewa kabla ya mchanganyiko kuingia katika silinda. Petroli ikizidi, injini hutoa moshi mweusi, plagi huingia masizi na nguvu hupotea. Petroli ikipungua, injini hupata joto kali, na vali au pistoni huweza kuungua. Gari linapopanda mlimani, hewa hupungua lakini petroli huendelea kutoka karibu kama kawaida, hivyo mchanganyiko huwa mzito. Fundi anayepunguza petroli ili gari lipande Timboroa vizuri humtayarishia dereva wake balaa la joto atakapoteremka kwenye nchi ya chini.

Katika magari ya Kiingereza ya enzi hizo, ambayo ndiyo yaliyojaa Afrika Mashariki, kabureta iliyojulikana zaidi ilikuwa SU. Ilibuniwa mwanzoni mwa karne ya 20 na ndugu wa ukoo wa Skinner nchini Uingereza, na ikaenea kutoka magari ya kawaida kama Morris Minor hadi magari ya michezo ya MG, Austin-Healey na Jaguar. Kiwanda cha Volvo cha Sweden nacho kiliichagua. Gari lake dogo la mviringo, PV544, katika toleo lake la kasi lenye injini ya karibu lita 1.8, lilifungwa kabureta mbili za SU.

Uzuri wa SU ni usahili wake. Ndani yake kuna pistoni inayopanda na kushuka kwa mvuto wa hewa ya injini. Chini ya pistoni imening'inia sindano iliyochongwa ikawa nyembamba kuelekea nchani, nayo huingia katika tundu la jeti. Dereva akikanyaga mafuta, pistoni hupanda pamoja na sindano, nafasi katika tundu huongezeka, na petroli zaidi hupita. Oili kidogo iliyo juu ya pistoni huizuia isiruke kwa ghafla. Anayetaka kubadili tabia ya gari, liwe na nguvu zaidi au lile mafuta kidogo zaidi, hubadilisha sindano kwa nyingine yenye umbo tofauti. Sindano ni nyembamba, lakini ndiyo inayoamua mwendo wa gari zima.

Maadui wake ni vumbi na mtikisiko. Vumbi jekundu la barabara za changarawe likichanganyika na oili huwa kama msasa. Hula mhimili wa kilango cha hewa mpaka hewa isiyotakiwa ipenye pembeni, na injini ikaanza kusitasita. Mtikisiko huchezesha boya linalopima petroli ndani ya bakuli la kabureta, petroli ikafurika. Ndiyo maana kabureta iliyotumika sana haitengenezwi kwa kuipuliza tu. Hufunguliwa yote, huoshwa, mhimili na bushi zake hubadilishwa, sindano na jeti hutazamwa kama zimelika, na kimo cha boya hupimwa upya.

Kisha inakuja kazi inayomtenganisha fundi na mbabaishaji, nayo ni kuzilinganisha kabureta mbili ili zivute sawa. Fundi wa zamani aliweka ncha moja ya mpira mwembamba sikioni na ncha ya pili kwenye mdomo wa kabureta ya kwanza, akasikiliza mvumo wa hewa, kisha akahamia ya pili. Aligeuza parafujo kidogo kidogo mpaka mivumo miwili ikawa mmoja. Kazi hiyo ilitaka subira, na sikio lililozoea.

Pasaka ya mwaka 1965

Mwaka 1964 kampuni ya Volvo ilileta timu yake rasmi kwenye Safari, ikiwa na magari ya PV544 yaliyotayarishwa kiwandani. Magari hayo hayakufua dafu. Ushindi ulikwenda kwa Peter Hughes na Bill Young katika Ford Cortina. Kwa Volvo, PV544 lilikuwa tayari gari la kizamani lililokaribia kuacha kuundwa. Moja kati ya magari yale yaliyotumika likaishia mikononi mwa Joginder.

Hapo ndipo masomo ya Kericho yalipoonyesha faida. Gari lililokwisha kupigwa na barabara za Safari lina majeraha mengi yasiyoonekana: nyufa katika bodi, nati zilizolegea, bushi zilizolika, nyaya zilizochubuka. Dereva asiye fundi hukabidhiwa gari na kuambiwa kuwa liko tayari. Fundi aliye dereva hujua ni kipi kimebadilishwa, kipi kimeachwa, na kipi kitalalamika kwanza. Kila sauti ngeni inapotokea usiku wa manane, yeye hajiulizi kama kuna kasoro. Anajua iko wapi, na anajua kama inaweza kusubiri hadi kituo kinachofuata.

Joginder aliingia mashindanoni na ndugu yake, Jaswant, akiwa msomaji wa njia. Hawakuwa na ndege ya kuwafuata juu wala msururu wa mafundi kutoka Ulaya. Walishindana na timu zilizoungwa mkono na viwanda. Walipofika mwisho walikuwa wamempita mshindi wa pili kwa zaidi ya saa moja na nusu, pengo linaloonekana la ajabu katika michezo ya magari ya leo ambako ushindi huhesabiwa kwa sekunde.

Ulikuwa ushindi wa kwanza wa dereva mwenye asili ya Asia. Kabla ya hapo washindi wote walikuwa Wazungu, wengi wao walowezi, na mchezo wenyewe ulihesabiwa kuwa wa klabu zao. Sasa kombe lilikuwa limechukuliwa na mwana wa gereji ya Kericho, mtu wa jamii iliyozoea kulala chini ya magari ya wengine.

Swali la nani ni mwenyeji

Ushindi huo ulikuja katika wakati wa mashaka. Kenya ilipata uhuru mwezi Desemba 1963, na wakazi wenye asili ya Asia ambao hawakuwa raia moja kwa moja walipewa miaka miwili ya kuomba uraia. Pasaka ya mwaka 1965 iliangukia ndani ya muda huo. Katika nyumba nyingi za Nairobi, Kisumu na Kericho mazungumzo ya jioni yalikuwa hayohayo: kuomba uraia wa Kenya, kubaki na pasipoti ya Uingereza, au kufunga mizigo. Baada ya sheria za mwaka 1967 kuhusu vibali vya kazi na leseni za biashara, maelfu waliondoka. Mapema mwaka 1968 Uingereza nayo ikapitisha sheria ya kuwazuia wengi wao wasiingie, hata wakiwa na pasipoti zake.

Ushindi wa mashindano haukujibu maswali hayo ya sheria. Lakini ulimweka mtu mmoja mwenye kilemba na ndevu mahali ambapo watoto wa Kiafrika, wa Kihindi na wa Kizungu walimsubiri pamoja kandokando ya barabara moja. Mkulima wa Nandi au mchuuzi wa Tororo, ambao pengine hawakuwahi kuzungumza na Kalasinga isipokuwa kwa habari ya bei ya spea, sasa walikuwa na Kalasinga wao wa kumshangilia. Fundi alikuwa ameonekana kuwa mtu.

Upande wa Uganda mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mwezi Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke nchini humo katika muda wa siku 90. Maelfu yao walipanda treni kutoka Kampala kwenda Mombasa, na treni hizo zilipita Tororo kabla ya kuvuka mpaka. Gereji, viwanda na maduka vilibaki bila wenyewe. Pamoja na watu, ulihama pia ujuzi uliokusanywa kwa vizazi viwili au vitatu.

Miongoni mwa walioiacha Uganda alikuwa Shekhar Mehta, kijana wa familia maarufu ya wenye mashamba ya miwa. Mwaka 1973, akiwa na makazi mapya Kenya, alishinda Safari kwa gari la Datsun 240Z. Alilingana kwa alama na Harry Källström wa Sweden, na ushindi ukaamuliwa kwa kuangalia nani alikuwa msafi zaidi katika hatua za mwanzo. Gari hilo la Kijapani, katika toleo lililouzwa madukani, lilikuwa na kabureta za Hitachi zilizofuata mfumo uleule wa SU ya Kiingereza. Mehta alikuja kushinda mara tano kwa jumla. Baada ya Joginder, mlango ulikuwa umefunguka.

Mitsubishi na mipaka iliyofungwa

Joginder hakuishi kwa sifa za mwaka 1965. Mwaka 1969 alishika nafasi ya pili kwa Volvo, na mwaka 1970 akashika tena nafasi hiyohiyo, safari hii kwa Datsun. Baadaye alihamia Mitsubishi, kampuni ambayo wakati huo haikuwa na jina kubwa katika mashindano ya dunia.

Mwaka 1974, akiwa na David Doig kama msomaji wa njia, alishinda kwa Mitsubishi Colt Lancer, gari dogo la sedani lenye injini ya lita 1.6. Nafasi ya pili ilikwenda kwa Björn Waldegård wa Sweden, aliyekuwa katika Porsche 911. Safari ilikuwa sasa sehemu ya ubingwa wa dunia, na huo ukawa ushindi wa kwanza wa Mitsubishi katika ubingwa huo. Kwa mara nyingine Joginder alikuwa amelishinda gari lenye nguvu zaidi kwa gari lililodumu zaidi. Miaka miwili baadaye, mwaka 1976, yeye na Doig walirudia ushindi, na magari ya Lancer yakachukua nafasi zote tatu za kwanza. Joginder alikuwa na miaka 44.

Lakini uwanja wa mchezo ulikuwa umefinyangwa upya. Mashindano yaliyozaliwa yakiwa ya nchi tatu yalikuwa yamebaki ndani ya Kenya peke yake. Mwezi Februari 1976, miezi miwili tu kabla ya ushindi wake wa tatu, Amin alidai kuwa sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ilikuwa mali ya Uganda. Mpaka wa Busia na Malaba, ambao magari ya Safari yaliwahi kuuvuka kwa mbio, ukawa mahali pa wasiwasi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilivunjika. Barabara bado zilikuwapo, ila hazikuunganisha tena kitu kimoja.

Joginder alishiriki Safari kwa mara ya mwisho mwaka 1980. Baadaye maisha yalimpeleka Uingereza, kama yalivyowapeleka wengi wa kizazi chake. Alifariki dunia London tarehe 20 Oktoba 2013, akiwa na umri wa miaka 81.

Kazi iliyobaki mpakani

Magari ya mashindano ya leo hayana kabureta. Petroli hupulizwa na vifaa vinavyoongozwa na kompyuta, na kompyuta hiyo hupima hewa ya mlimani na ya pwani yenyewe, bila sikio la mtu. Safari ilipoingia tena katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu mwaka 2002, ilirudi ikiwa mashindano ya vipande vifupi, na ndani ya Kenya pekee. Kabureta za zamani bado zinasikika katika mashindano ya magari ya kale yaliyoanzishwa mwaka 2003, ambako magari ya enzi ya Joginder hukimbia tena katika barabara za vumbi.

Hata hivyo, anayetaka kuona ufundi ule ukiwa hai hahitaji kununua tiketi. Pikipiki nyingi za bodaboda zinazovuka na kuzunguka Busia, Malaba na Tororo bado zinatumia kabureta, ndogo kuliko SU lakini zenye kanuni ileile: sindano, jeti, boya na hewa. Vumbi linalozila ni lilelile. Vijana wanaozitengeneza kando ya barabara walianza kama alivyoanza Joginder, kwa kuosha vyuma na kupitisha spana, na wengi wao hawana cheti. Wanasikiliza injini, wanageuza parafujo robo mzunguko, wanasikiliza tena.

Mpaka wenyewe umelegea. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifufuliwa kwa mkataba wa mwaka 1999, na mwaka 2018 marais wa Kenya na Uganda walizindua kituo cha pamoja cha Busia, ambapo msafiri humaliza taratibu za nchi zote mbili mahali pamoja. Spea na mafundi hupita tena, ingawa mashindano ya Safari hayajarudi kupita hapo.

Kwa wasikilizaji wanaoishi mbali na kwao, wengi wao wakiwa na ujuzi wa mikono ambao hautambuliwi na karatasi za nchi ngeni, maisha ya Joginder Singh yana jambo la kuzingatia. Alizaliwa katika jamii ya wachache, katika kazi iliyodharauliwa, wakati ambapo haikujulikana nani angeruhusiwa kubaki. Aliijua kazi hiyo mpaka ndani, akaingia nayo barabarani mbele ya watu wote, na watu hao, bila kujali walikuwa upande gani wa mpaka, wakamhesabu kuwa wa kwao.